Una mgongo mbovu na una mimba? Usingoje usiku wa leba ndio uulize

Saa nane usiku, nikiwa nimeng'ang'ania chuma cha kitanda cha leba kama makanga aliyening'inia kwa mlango wa matatu ya Rongai, ndipo nilipoulizwa kwa mara ya kwanza: "Kwani huo mgongo wako una shida gani?"

Miezi tisa, msomaji. Miezi tisa nilikuwa nikienda kliniki. Nilipimwa presha, mkojo, damu, uzani na urefu wa tumbo. Nilidungwa sindano ya pepopunda na kupewa vidonge vya kuongeza damu. Hakuna siku hata moja niliyoulizwa kuhusu mgongo. Na mimi naye sikusema. Nilidhani hayahusiani. Tumbo liko mbele, mgongo uko nyuma, si ndio?

Ngoja nikueleze mgongo wenyewe. Fundi wa nguo aliyekuwa akinishonea sare ya kidato cha kwanza ndiye aliyeona kwamba bega langu moja liko juu kuliko lingine. Hospitalini tukaambiwa uti wa mgongo umepinda kama herufi S, lakini si sana, tuendelee tu kuangalia. Tukaangalia. Nikiwa chuo, mwaka wa pili, mifereji ya hosteli ilikauka nikabeba mtungi wa lita 20 hadi ghorofa ya nne. Kitu kikalia kwa kiuno, maumivu yakashuka kama umeme hadi kwa kidole cha mguu. Diski ilikuwa imechomoka kidogo na kugusa neva. Muhula huo karo na maumivu vilishirikiana kunitoa chuo, na sikurudi.

Kwa hivyo usiku ule wa leba nilijua maumivu ya mgongo ni nini. Niliomba sindano ya mgongo niliyokuwa nimesoma kuihusu kwa simu. Nesi akaenda, akarudi. Daktari wa ganzi alikuwa mmoja usiku mzima na alikuwa ndani ya chumba cha upasuaji. Na hata angetoka, hangedunga mgongo uliopinda ambao hajawahi kuuona, hauna picha, hauna barua, usiku wa manane.

Nilimchukia mtu ambaye hata sura yake sijui. Leo naelewa. Yeye hakukosea kuogopa. Kosa lilifanyika miezi mitatu mapema, siku ambayo mazungumzo yangefaa kufanyika na hayakufanyika. Nilijifungua baada ya saa 14, chali, bila chochote. Kijana wangu alitoka salama. Lakini kwa wiki tatu sikuweza kuinama kumtoa kitandani. Mamangu ndiye aliyekuwa akinipa mtoto mkononi ninyonyeshe.

Sasa nina mimba ya pili, wiki ya 33. Mimi si daktari, hata diploma sikumaliza. Lakini safari hii nimeuliza mpaka watu wamechoka nami, na haya ndiyo niliyotoka nayo.

Kwanza, ujue una mgongo wa aina gani

Wengi wenye mimba huumwa na mgongo wakati fulani. Homoni hulegeza viungo vya nyonga, tumbo linavuta mbele, kiuno kinajipinda kulibeba. Hiyo ni kawaida, na haizuii dawa yoyote ya uchungu.

Ninaongea na wewe ambaye mgongo wako una historia: uti uliopinda, diski iliyochomoka, ajali ya nduthi iliyovunja pingili, upasuaji wa kuwekewa vyuma, kifua kikuu cha mgongo ulichougua utotoni kikakuachia kibiongo, au uti ambao haukufunga vizuri tangu ukiwa tumboni mwa mamako. Kila mmoja una njia yake, na daktari hawezi kuchagua njia kama hajui uko kundi gani.

Jambo moja uliweke kichwani mapema: mgongo uliopinda, peke yake, si sababu ya kupasuliwa. Wengi wenye mgongo kama wangu hujifungua kwa njia ya kawaida. Akikuambia mtu mtaani kwamba "na mgongo huo lazima kisu", mwambie akuonyeshe cheti chake.

Na kama unadhani kuomba kupunguziwa uchungu ni mambo ya masupastaa wa siku hizi, skiza hii. Januari 1847, huko Edinburgh, daktari James Young Simpson alimpa mwanamke aliyekuwa akijifungua mvuke wa etha. Huyo huhesabiwa kuwa mama wa kwanza katika udaktari wa kisasa kujifungua kwa dawa ya aina hiyo. Unajua kwa nini yeye? Mifupa ya nyonga yake ilikuwa na kasoro na leba yake ilikuwa ngumu. Yaani jambo hili lote lilianza na mama ambaye mifupa yake haikuwa imenyooka. Mama kama sisi.

Sindano ya mgongo ni mbili, si moja

Mtaani tunaita zote "sindano ya mgongo", lakini tofauti yake ni kubwa kwa mtu kama mimi.

Ya kwanza ni epidurali. Unakaa ukingoni mwa kitanda umejikunja kama paka aliyekasirika, au unalala kwa ubavu. Daktari wa ganzi anakufisha ngozi, kisha anapitisha sindano kati ya pingili mbili za kiuno mpaka kwenye nafasi nyembamba iliyo nje ya utando unaofunika neva. Anaacha mrija mwembamba hapo, sindano anaitoa. Dawa inapita kwa mrija huo kidogo kidogo, leba yote. Huchukua kama dakika 20 kushika. Unabaki macho, unaongea, unasikia mtoto akilia. Na kukitokea haja ya upasuaji wa ghafla, mara nyingi mrija ule ule unaongezewa dawa kali zaidi, hupigwi nusukaputi.

Ya pili ni ya mara moja. Hii inavuka ule utando, dawa inaingia moja kwa moja kwa maji yanayozunguka neva. Hushika kwa dakika chache na kwisha baada ya saa mbili hivi. Ndiyo hutumiwa sana kwa kina mama wanaopasuliwa.

"Na si sindano itagusa uti nipooze?" Hilo ndilo swali la kila mtu, hata langu. Kwa watu wazima wengi, ile kamba kuu ya neva huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huingia chini ya hapo, mahali ambapo neva zimetawanyika kama tambi ndani ya maji. Kwa hivyo kamba yenyewe haiko njiani.

Hatari zipo, nisikudanganye. Nchini Uingereza, madaktari wa ganzi huwapa kina mama kadi yenye hesabu wazi. Kwa mama 1 kati ya 10, epidurali haipunguzi uchungu vya kutosha na lazima aongezewe njia nyingine. Kama 1 kati ya 100 hupata maumivu makali ya kichwa baadaye. Neva kuumia kwa muda, ganzi kidogo mguuni kwa mfano, ni kama 1 kati ya 1,000. Madhara ya neva yanayozidi miezi sita ni kama 1 kati ya 13,000. Hizo ni hesabu za kina mama kwa jumla. Mgongo wenye historia unaweza kuziongeza kiasi, hasa ile ya sindano kutoshika. Ndiyo maana inabidi muongee.

Na ile ya shosho, kwamba sindano itakuachia maumivu ya mgongo maisha yote? Mwaka wa 2018 watafiti wa Cochrane walikusanya majaribio 40 yenye zaidi ya kina mama 11,000. Waliodungwa epidurali hawakuwa na maumivu ya mgongo ya muda mrefu kuliko wasiodungwa. Wala haikuongeza idadi ya waliopasuliwa. Mahali palipochomwa panaweza kuuma siku chache, kama palipodungwa popote pale. Lakini mgongo unaokuuma mwaka mzima baada ya kuzaa, mara nyingi ni mimba yenyewe, kunyonyesha ukiwa umejikunja, na kumbeba mtoto anayenenepa kila wiki.

Mgongo wako na sindano hiyo

Kama uti umepinda lakini hujapasuliwa, mara nyingi epidurali inawezekana. Ugumu ni kwamba pingili zimezunguka kidogo, kwa hivyo daktari akiingia katikati kama kawaida anaweza kukosa njia. Wengine hutumia mashine ya picha, ile ile ya kuangalia mtoto, kutafuta mlango kabla ya kudunga. Dawa pia inaweza kushika upande mmoja zaidi. Wakati mwingine kukulaza upande mwingine au kuvuta mrija kidogo kunatosha. Kama umepinda sana mpaka unakosa pumzi ukipanda ngazi, sema. Kifua kilichobanwa kinahitaji kupimwa mapema, kwa sababu mapafu na moyo ndivyo vitakavyobeba leba.

Kama ni diski, kwa kawaida mlango haujafungwa. Lakini kabla ya kudungwa, waonyeshe wapi tayari una ganzi, mguu upi una udhaifu, na iandikwe. La sivyo, baadaye hakuna atakayejua ni sindano, ni leba, ama ni diski yako ya zamani. Kuna jambo lingine: ukishatiwa ganzi husikii kiuno kikilalamika. Mguu unaweza kukunjwa vibaya saa nzima na wewe umetulia tu. Waombe wakugeuze mara kwa mara, na wakiinua miguu, waiinue yote miwili pamoja, polepole.

Kama umewekewa vyuma, kila kitu kinategemea vinaishia pingili gani. Vikiishia juu, kiuno cha chini kikabaki huru, kuna nafasi ya kudunga. Vikishuka hadi chini kabisa, kovu linaweza kuwa limeziba ile nafasi ya epidurali na dawa isisambae vizuri. Hapo sindano ya mara moja inaweza kuwa na bahati zaidi, kwa sababu dawa yake inaelea kwa maji wala haihitaji kupenya kovu. Hakuna anayeweza kujua haya kwa kukutazama. Tafuta ripoti ya upasuaji na picha zako, hata kama ni za 2012, hata kama ziko kwa sanduku la babako ushago.

Kama uti wako haukufunga vizuri tangu kuzaliwa, kuna aina ndogo ambayo watu wengi wanayo bila kujua, na hiyo mara nyingi haina neno. Aina kubwa ni kesi nyingine, kwa sababu ile kamba ya neva inaweza kuwa imeshuka chini kuliko kawaida, hadi pale sindano inapopita. Huyu anahitaji picha ya MRI kabla mtu hajagusa mgongo wake.

Na kuna wale ambao sindano haifai kabisa wakati huo: mwenye maambukizi mahali pa kudunga, ikiwemo kifua kikuu cha mgongo ambacho bado hakijapona, na mwenye damu isiyoganda vizuri ama anayetumia dawa za kuyeyusha damu. Usifiche dawa unazomeza.

Na kama sindano haiwezekani?

Tuseme ukweli wa nchi yetu. Epidurali ya leba inapatikana zaidi kwa hospitali kubwa, hasa za kibinafsi. Hospitali nyingi za umma zina daktari wa ganzi wachache sana na wanabanwa na upasuaji wa dharura. Kwa hivyo hata mgongo wako ukiruhusu, hospitali inaweza isiruhusu. Hapo ndipo ujue zingine.

Kuna gesi. Ni mchanganyiko wa oksijeni na gesi ya naitrasi, nusu kwa nusu, unaovutwa kwa kifaa mdomoni. Unaishika mwenyewe. Ujanja ni kuanza kuvuta mara tu uchungu unapoanza kupanda, kwa sababu inachukua kama nusu dakika kufika. Haimalizi uchungu ila inaukata makali, unahisi kichwa chepesi, na inatoka mwilini haraka. Haina habari na mgongo wako, kwa hivyo umbo la uti si kizuizi. Si kila hospitali inayo, uliza.

Kuna sindano ya paja au ya tako, kama pethidini. Hupunguza uchungu kwa saa mbili hadi nne. Inaweza kukutapisha na kukulaza, na ikidungwa karibu na mtoto kutoka, mtoto anaweza kuzaliwa na usingizi na kuvuta pumzi kwa uvivu. Ndiyo maana mkunga anapima saa kabla ya kukupa. Usimtukane akikataa dakika za mwisho.

Kuna moja ambayo hata mimi nilidhani ni porojo: sindano za maji safi. Maji tu, yasiyo na dawa. Tone dogo linadungwa chini ya ngozi mahali panne kiunoni. Inauma kama nyuki wanne wamekuvamia kwa pamoja, karibu nusu dakika, halafu maumivu ya kiuno ya leba yanapungua kwa saa moja hivi au zaidi. Utafiti mkubwa uliofanywa zaidi Australia na kuchapishwa 2020 ulionyesha kwamba kweli inapunguza maumivu ya mgongo. Haiingii ndani ya uti, mkunga aliyefunzwa anaweza kuifanya. Kwetu bado haijaenea, lakini maji na sindano si vitu vya bei. Iulizie, labda wewe ndiye utamfanya mtu akaisome.

Halafu kuna zile ambazo hazihitaji ruhusa ya mtu. Kama mtoto amelala uso wake ukiangalia mbele, kichwa chake kinagandamiza kiuno chako na uchungu wote unahamia nyuma. Kupiga magoti na mikono, kama unapiga deki, kunaondoa uzito huo. Kuegemea ukuta, kutembea, kuoga maji ya moto, leso iliyolowekwa maji ya moto na kukamuliwa kisha kuwekwa kiunoni, mtu kukubonyeza kwa ngumi juu ya makalio kila uchungu unapokuja: hivi si vitu vya kizamani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 kuhusu leba unataja masaji na joto miongoni mwa njia za kupunguza uchungu, pamoja na epidurali na sindano kama pethidini. Unasema pia kila mama awe na mtu aliyemchagua kando yake.

Mimi nililala chali saa 14 kwa sababu sikujua naweza kukataa kulala chali. Kwa mgongo kama wangu, hiyo ilikuwa adhabu juu ya adhabu. Wewe sasa umejua.

Onyo moja la njiani. Mgongo ukikuuma ukiwa na mimba, usikimbie duka la dawa kununua diklofenaki au ibuprofeni kama ulivyozoea. Kuanzia wiki ya 20 zinaweza kuharibu figo za mtoto na kupunguza maji yaliyomzunguka, na miezi ya mwisho zinaweza kugusa moyo wake. Paracetamol ndiyo huanziwa, na hata hiyo mwambie daktari kwanza.

Nimefanya nini safari hii

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nilidhani ni methali tu ya mtihani. Sasa nimeiweka kwa vitendo.

Wiki ya 16 nilimwambia nesi wa kliniki, kabla hajaniuliza chochote: "Sista, nina mgongo uliopinda na diski. Naomba iandikwe kwa kitabu." Akaiandika kwa wino mwekundu.

Wiki ya 24 nikaomba barua ya kumwona daktari wa ganzi. Nesi alishangaa kidogo. Huyo watu humkutana wakiwa tayari wamelala kwa meza. Lakini barua nilipewa.

Wiki ya 30 nikakaa naye dakika 25. Nilibeba picha ya eksirei ya zamani. Alinigusa uti pingili kwa pingili, akaniambia nikunje mgongo, akaandika wapi anaona nafasi nzuri ya kudunga. Akaniambia wazi: "Uwezekano ni mzuri, lakini sikuahidi itashika pande zote." Unajua, hiyo kauli ilinituliza kuliko ahadi yoyote. Mara ya kwanza mtu ananiongelesha kuhusu mwili wangu kama mtu mzima.

Halafu nikauliza hospitali maswali manne, nawe yachukue jinsi yalivyo: Daktari wa ganzi yuko usiku na wikendi, ama anaitwa kutoka nyumbani? Mnafanya epidurali ya leba ama ya upasuaji peke yake? Gesi mnayo? Nikija na mtu wangu, ataruhusiwa kuingia? La pesa nalo uliza mapema. Kama unategemea SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, taka kujua kabisa kama sindano hiyo imo kwenye malipo ya kujifungua ama utaongeza kutoka mfukoni. Bili ya kushtukiza nayo ni uchungu wa aina yake.

Mwisho nimeandika ukurasa mmoja, nikauingiza ndani ya kitabu cha kliniki. Unasema: mgongo wangu una nini, ganzi niliyonayo tayari iko wapi, sitaki kulazwa chali muda mrefu, naomba epidurali mapema, nisingoje mpaka nishindwe kukaa tuli, ikikataa, gesi, gesi ikikosekana, nipewe ya paja kama saa inaruhusu, wa kunisindikiza ni mamangu. Si amri, leba ina kichwa chake. Lakini nesi wa zamu ya usiku ambaye hajawahi kuniona atasoma ndani ya dakika moja kile nilichoshindwa kueleza nikipiga mayowe.

Kama umeshapita wiki ya 36 na hujafanya lolote kati ya haya, usikate tamaa. Nenda kesho. Karatasi moja na picha ya zamani ni bora kuliko hadithi ya saa nane usiku.

Dalili za kukimbia

Hizi usizisubiri siku ya kliniki, iwe ni kabla ya kujifungua au baada: kufa ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, mahali unapokalia, kushindwa kukojoa ama mkojo na choo kutoka bila kujua, miguu kulegea ghafla na kuzidi kulegea. Diski inaweza kuwa inabana neva za chini zote kwa pamoja, na hapo kila saa ina maana. Baada ya sindano ya mgongo, rudi pia haraka ukiwa na homa pamoja na maumivu makali ya mgongo, maumivu ya kichwa yanayozidi ukikaa na kupungua ukilala, au ganzi ambayo ilikuwa imeisha na sasa inarudi.

Na wewe kaka uliyesoma mpaka hapa

Asante. Kazi yako si kushika mkono peke yake. Jua jina la shida ya mgongo wake. Beba hizo picha. Jifunze kubonyeza kiuno sasa, si siku ile. Na akiomba dawa ya uchungu, usiwe wewe wa kusema mamako alizaa saba bila sindano. Mamako hakuulizwa.

Juzi mamangu alinikuta nikiandika haya. Akasoma, akanyamaza, kisha akaniambia aliponizaa mimi kiuno kilimuuma miaka miwili na hakumwambia mtu. "Nilidhani ndiyo bei yake," akasema.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya afya ya kiwango cha juu kinachowezekana, huduma za uzazi zikiwemo. Haki hiyo haitakufuata kitandani saa nane usiku. Iendee mchana, na picha zako mkononi, wiki zingali zipo. Mimi nimebakisha saba.